Sura ya Nne: Miti Iliyopangwa Ukutani

Kilichomkera Inspekta Wivine asubuhi ile ya Jumamosi si vumbi la zege, wala si matope ya Naviundu yaliyokuwa yameshang'ang'ania kiatu chake kimoja. Ni usafi. Mahali ambapo dari la ukumbi lilianguka kwa kishindo kilichowaamsha watu mpaka ng'ambo ya mto, palikuwa na kona moja nadhifu kuliko jiko la masista.

Kwenye ukuta uliosalia wima ilikuwa imeegemezwa miti ya mikaratusi, ile ambayo wajenzi wa Lubumbashi huiita étançon, inayosimamishwa chini ya dari bichi kulishikilia mpaka zege likomae. Mifupi ilikaa na mifupi, mirefu na mirefu. Kabari zake zilijazwa ndooni. Na ndani ya kopo la maziwa ya unga kulikuwa na misumari: imeng'olewa yote, tena ikanyooshwa kwa nyundo, tayari kwa kazi nyingine.

"Muntu wa kuangusha nyumba ya bantu," Wivine alisema, "ananyosha misumari ya nini?"

Aristote, askari msaidizi wake, mtu wa makamo aliyependa kesi fupi na chai ndefu, alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli ingawa mvua ilikuwa bado inajifikiria.

"Chef, Osée njo charpentier. Charpentier anapangaka miti yake. Affaire imekwisha, tuende tukunywe chai."

"Mwizi wa kuku anafagiaka kibanda?"

Aristote aliitazama tena ile misumari. Akaufunga mwavuli.

Kesi yenyewe mji mzima ulikuwa umeshaikata. Umoja wa Wakandarasi, chama cha wajenzi wenyeji, ulikuwa unajijengea ukumbi wake. Zege la dari lilimwagwa Jumamosi iliyopita. Alfajiri ya jana, Ijumaa, likaanguka, na mlinzi Dominique alikuwa chini yake. Sasa Dominique alilala hospitalini, hajafungua kinywa. Mama mmoja anayeuza maandazi jirani aliapa kwamba Alhamisi jioni alimwona seremala Osée Kunda akitoka uani na mtaimbo begani. Osée alikamatwa kwenye kituo cha magari ya kwenda Kambove, mji wa migodi, mtaimbo umo ndani ya mfuko wake wa kazi. Na kwa kuwa Osée hufanya kazi kwa Adalbert, mkandarasi aliyejitenga na Umoja, kila mdomo ulisema jambo moja: Adalbert alimtuma aivunje nyumba ya wenzake kabla ya mkutano mkuu.

Mkutano wenyewe ulikuwa leo alasiri. Mkuu wa Wivine alitaka Osée akabidhiwe kwa mwendesha mashtaka leo leo, habari iishe. Wivine aliujua mwendo wa mambo hayo. Akishavuka mlango ule Osée angekuwa mtu wa gerezani, na kumtoa gerezani ni kazi ngumu kuliko kumwingiza. Ndiyo maana alikuwa na roho juu tangu alipoamka, akirudi kwenye kopo lile la misumari kama mtu aliyesahau kitu.

Gari jeupe lilisimama langoni. Adalbert mwenyewe alishuka, mtu wa kifua kipana, buti zake zimetoka Kambove na udongo wa huko.

"Nasikia miye njo muuaji," alisema kabla ya salamu.

"Hakuna muntu amekufa, papa. Bonjour kwanza."

"Bonjour, madame l'inspecteur." Akavua kofia, akalitazama lile lundo la zege na nondo zilizopinda, na sauti yake ikashuka. "Hii dalle, hii dari ya zege, niliimwangaka na mikono yangu. Nilikuya na batumishi bangu bote. Siku ya kumwanga béton hakuna ugomvi, hata kama tulitengana. Tulisimama mustari, karai mukono kwa mukono, tunaimba. Halafu miye huyu nitume muntu aibomoe?"

"Ulitoka mu Umoja juu ya nini?"

"Kazi. Bamines, makampuni ya migodi, banakuya na bajenzi babo toka kwabo. Shiye tunabakia tu na vyoo na bikuta. Miye nilienda Kambove nikabembeleza, nikapata. Bantu bakanifuata. Martine, mwenyekiti yabo, asema ninavunja Umoja. Miye nasema ninalisha batoto ya bantu." Akarudisha kofia kichwani. "Lakini kubomoa dalle? Jamani."

Wivine alimpeleka kwenye ile kona nadhifu. "Angalia. Kama ungetaka kuiangusha, ungefanya namna gani?"

Adalbert hakufikiri. "Ningekuya na masse, nyundo kubwa, napiga miti ya upande moja, nakimbia. Muntu wa kubomoa hana saa ya kutoa musumari." Akainama, akashika mti mmoja, akautazama mwisho wake. Kisha akageuka kutazama upande wa pili wa ukumbi, ambako kipande cha dari kilikuwa bado kinaning'inia, kimepasuka, kikiwa juu ya safu moja ya miti ambayo haikuguswa. "Alianzaka katikati," alisema polepole. "Akaenda kuelekea ukuta. Ile safu ya mwisho akaiacha."

"Na ile inamaanisha nini?"

"Inamaanisha alifundishwa. Mzee Émile, baba ya Martine, alitufundisha vile shiye bote: miye, Martine, huyu Osée. Katikati kwanza, halafu pembeni. Tena mzee alikuwa na sheria yake ingine." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemkumbuka marehemu. "Charpentier hapige étançon ya kwanza mpaka mwenye kutoa ruhusa aingie chini ya dalle. Unasema imekauka? Muzuri. Weka kichwa yako pale chini. Mzee alisimamaka chini ya kila dalle ya hii mji. Na shiye tulibeba ile sheria, hata leo. Bila muntu chini, nyundo haipige."

"Basi Osée alipewa ruhusa."

"Haikutoka kwa miye. Alhamisi nilikuwa Kambove, bajenzi bote ba chantier baliniona. Osée aliomba siku moja, asema iko na kazi ya haraka Lubumbashi."

"Dalle ya siku tano inatolewaka miti?"

"Hapana, hata batoto banajua! Na hii mvua tena? Unangoja mpaka mwezi ikaribie kwisha. Hata Kalenga, charpentier ya Umoja, anajua. Martine mwenyewe njo anatupigiaka kelele. Ukitoa mti mbele ya saa, anakufukuza kwenye chantier."

Wivine alimshukuru. Alikuwa anavuka lundo kurudi kwenye gari wakati kiatu chake, kile kilichosalia kikiwa safi, kilipokanyaga kitu kilicholia kama kikombe kinachopasuka. Akachuchumaa. Mguu wa kiti cha plastiki, mweupe, ulikuwa unachungulia chini ya zege. Akasogeza kifusi. Kulikuwa na kingine, na kingine, vimelaliana, kimoja bado kimefungwa utepe mwekundu mgongoni.

"Viti ya mukutano," Aristote alisema. "Bantu ya location, benye kukodisha viti, bataomboleza."

Wivine alikipiga picha kwa simu, akasimama, akakitazama kiti, kisha akaitazama ile miti iliyopangwa ukutani, kisha kiti tena. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha na bado hakujua pa kujikuna.

Nje ya chumba cha mahabusu alimkuta Léa, mke wa Osée, amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Harufu ilijaza korido.

"Alikuya Lubumbashi Alhamisi, hakufikake hata nyumbani," Léa alisema bila kuulizwa. "Alinipigia tu. Asema: 'Léa, niko na kazi ya heshima. Siwezi kuikataa.' Mama, kazi ya heshima njo inafungiaka bantu?"

"Hakukuambia ni ya nani?"

"Nilimuuliza. Alisema nitaona mukutano siku ya posho, hii Jumamosi, nitafurahi."

Wivine aliingia na sufuria mwenyewe, jambo ambalo si desturi, na mlinzi wa mlango akajifanya hakuona. Osée alikuwa amekaa sakafuni. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala magotini kama vyombo vilivyowekwa baada ya kazi. Aliinua kichwa.

"Mama Martine amekuya?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Si "nimefanya nini", si "nitoeni". Wivine alivuta kiti.

"Bado. Unamungojea?"

Osée alitazama mlangoni.

"Osée, ulitoa étançon za Naviundu?"

"Nilitoa. Andika vile."

"Nani alikuambia uzitoe?"

"Lakini sikubomoe, Mama. Andika na ile pia. Niliacha safu ya mwisho, nilisema tuiache kwanza tuone. Nilipanga miti. Niliacha kila kitu propre, safi."

"Nani alikuambia?"

Akageuza uso ukutani. "Atakuya mwenyewe aseme. Haiko miye wa kusema. Muntu aliyekupa nyundo ya kwanza, aliyesimamia ndoa yako, humutaje kwa polisi sawa mwizi. Atakuya."

"Na asipokuya?"

"Atakuya," Osée alirudia, lakini safari hii alisema kama mtu anayemwomba Wivine akubaliane naye. Kisha akauliza juu ya Dominique, na Wivine alipomwambia kuwa bado hajaamka, seremala yule akafunika uso kwa mikono yote miwili na kulia. Bukari ilipoa bila kuguswa.

Wivine alitoka pale na hasira iliyokuwa bado haina mtu wa kumwangukia. Mtu anakaa ndani akimlinda mwingine. Mwingine yuko nje anakula mkate wake. Hapakuwa na haja ya kwenda mbali kumtafuta aliyempa Osée nyundo ya kwanza na kusimamia ndoa yake. Adalbert alikuwa ameshaitaja nyumba ya mzee Émile, na Osée mwenyewe alikuwa amemuulizia Martine. Lakini jina si ushahidi, na mkuu wake angemcheka.

Nyumba ya Martine ilikuwa Bel-Air, ya matofali yasiyopakwa lipu, kwa sababu baba yake alisema tofali zuri halihitaji poda. Sebule ilijaa wanachama wa Umoja wakizungumza wote kwa pamoja. Mwenyekiti alikuwa katikati yao, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi na viganja vigumu vya mtu aliyebeba karai kabla ya kubeba cheo. Simu zake mbili zililia kwa zamu. Alipomwona Wivine aliwaambia wenzake watoke, na wakatoka.

"Nikupe chai, Mama Inspecteur."

"Asante. Nasikia mukutano utakuwa mukubwa."

"Mukubwa sana. Wale waliotaka kwenda kwa Adalbert banarudi. Hasira imebarudisha." Alimimina chai na nyingi ikaenda kwenye sahani. "Juzi tulikuwa hatufike hata nusu. Unajua kuongoza bantu saa ya njaa? Kila muntu iko na simu mu mukono, anangoja mine imuite. Niliwaambia: tungoje, tusimame pamoja, bataona kazi yetu. Banacheka. Basi nikasema tujenge nyumba yetu kwa mikono yetu, baione. Muntu anaamini kitu anachoona."

"Na ukumbi ungekuwa tayari leo, bangeona."

"Bangeona," Martine alisema, na mara akashika tena birika.

Wivine alikunywa chai. Ilikuwa na sukari ya kutosha mtaa mzima. "Leo mulipanga kufanyia mukutano wapi?"

"Mu cour. Toka mwanzo tulipanga pale inje mu uwanja, chini ya bâche ya kukinga jua. Ndani kulikuwa pori ya miti, ungeweka bantu wapi?"

"Kweli," Wivine alisema. "Pori ya miti. Hata kiti hakiingie."

"Hata kiti."

Hapo ndipo kule kuwasha kulipata pa kujikuna. Wivine aliweka kikombe chini taratibu. Viti vilikuwa chini ya dari. Havikuangukia pale, vilipangwa pale, vikafungwa utepe, na mtu aliyejua Ijumaa alfajiri kwamba ndani hamna tena miti. Dominique alikuwa anapanga viti. Mlinzi hapangi viti kwa ndoto yake, anaambiwa. Na mbomoaji gani anayemwandalia mwenyekiti ukumbi?

Miti ile haikutolewa ili dari lianguke. Ilitolewa ili watu wakae.

"Osée amekuuliza," alisema.

Birika liligonga meza. "Nani?"

"Osée. Neno ya kwanza aliuliza kama umekuya."

Martine alitazama dirishani. Huko nje wanachama walikuwa wanacheka kitu, na mmoja akapaza sauti: "Adalbert leo atatuona!" Uso wa mwenyekiti ulipita mambo mengi, na Wivine akangoja lolote kati ya hayo litoke.

"Ni mutoto muzuri," Martine alisema mwishowe. "Adalbert alimuharibu. Acha sheria ifuate njia yake."

Wivine aliinuka. Alikuwa amewasikiliza waongo wengi katika kazi yake na kwa kawaida hawakumsumbua. Uongo ni riziki ya mpelelezi. Huu ulimuuma. Alipofika kwenye gari alipiga mlango kwa nguvu hata Aristote akamwaga chai yake.

"Tunarudi kumuchukua Osée," alimwambia. "Tunaenda naye Naviundu."

"Mkubwa alisema apelekwe parquet, kwa mwendesha mashtaka!"

"Kabla ya parquet kuna reconstitution. Mushitakiwa anaonyesha pahali pa tukio namna alivyofanya. Sheria inaniruhusu. Mkubwa akikasirika, mwambie niliitafuta network sikuipata."

Alasiri wingu lilikuwa limekaa juu ya Naviundu bila kunyesha wala kuondoka. Ua wa Umoja ulifurika. Waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa, na wote walielekea lile lundo la zege, maana Martine alikuwa amewekwa mbele yake, kama mfiwa mbele ya kaburi. Adalbert alikuja pia, peke yake, akasimama langoni, na watu wakamwachia nafasi pana ya dharau.

Wivine alifika wakati makofi yalipokuwa yanavuma. Hapakuwa na kura hata ya kunyosha mkono. Kalenga, yule seremala wa Umoja, alikuwa amepaza sauti kwamba Mama Martine aendelee na uenyekiti, na ua mzima ukamjibu kwa nderemo na miguu. Martine alisimama, akainua mkono kuwatuliza. Ndipo alipomwona Osée anashushwa kwenye gari, pingu mkononi.

Kelele ikageuka. "Mwuaji!" "Mutupe huyo!" Aristote alimweka Osée nyuma yake, na safari hii hakulalamika.

"Bababa na bamama," Wivine alisema kwa sauti, "sikuye kuharibu sherehe. Nakuya kufanya kazi yangu. Mushitakiwa atatuonyesha namna alivyotoa mti. Nyinyi njo bajenzi, mutanisaidia kuangalia kama anasema kweli."

Hakuna mjenzi anayekataa kuombwa aangalie kazi ya mwenzake. Wakasogea, wakanyamaza, kila mmoja tayari kukosoa.

Wivine alimfungua pingu Osée, akampa nyundo, akamwongoza hadi ile safu ya mwisho iliyosalia, chini ya kipande cha dari kilichopasuka. Alisimama karibu naye kiasi cha kuweza kumdaka mkono. "Huu mti," alisema. "Toa kabari sawa ulivyofanya Alhamisi."

Osée alipiga goti. Aliigusa kabari kwa kidole, akaipapasa, akainua nyundo mpaka usawa wa sikio. Ikabaki pale.

Haikushuka.

"Anangoja nini?" Aristote alinong'ona.

Wivine hakumtazama Osée, alizitazama nyuso. Alimwona Kalenga akiacha mdomo wazi. Alimwona mzee mmoja akivua kofia. Mmoja mmoja, waliofundishwa na mzee Émile na waliofundishwa na waliofundishwa naye, waliangalia nyundo iliyosimama hewani, kisha mahali patupu chini ya dari, mahali pa yule anayetoa ruhusa. Kisha wakaanza kutafutana kwa macho. Adalbert ndiye wa kwanza kugeukia mbele. Wengine wakafuata macho yake.

Osée, mwenye nyundo, hakuwa ametazama pengine popote tangu alipoiinua. Alimtazama Martine. Machoni mwake hakukuwa na shutuma, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuvumilika. Alikuwa anangoja tu, kama alivyofundishwa.

"Nani alisimama chini, Alhamisi?" Wivine aliuliza. Hakupandisha sauti.

Wingu lilinguruma mahali fulani upande wa Kambove. Martine alikuwa bado ameinua mkono wa kuwatuliza watu ambao tayari walikuwa wametulia kupita kiasi. Akaushusha. Akaanza kutembea. Watu wakampisha bila kusukumana, na alipowapita hakumgusa yeyote wala hakuna aliyemgusa. Alipita kando ya viti vilivyovunjika na kopo la misumari. Akainamisha kichwa, akaingia chini ya kipande cha dari kilichopasuka, akageuka na kusimama pale, kichwa chake mkono mmoja tu kutoka kwenye zege.

"Martine!" Adalbert alipiga kelele. "Toka pale! Ile inaanguka!"

"Piga, mutoto wangu," Martine alimwambia Osée. "Niko hapa."

Wivine alishaushika mkono wa seremala. Haikuhitajika. Osée aliiweka nyundo chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka tena.

"Apana, Mama. Haiyakauka."

Alisema hivyo tu. Lakini kila mjenzi pale aliisikia mpaka kwenye mifupa, na Martine zaidi ya wote. Akajishikiza kwenye mti.

"Uliniambiaka vile vile Alhamisi," alisema, na sasa alikuwa anasema na ua mzima. "Kalenga alikataa, nikamuita Osée toka Kambove juu nilijua ye hawezi kunikatalia miye. Aliniambia haiyakauka. Nikamuambia miye nasimama chini. Nikasimama. Haikuanguke. Nikasema basi, baba yangu iko nami, bantu batakuya leo bakae ndani ya nyumba yabo, hawatatoka tena." Alivuta pumzi. "Usiku mvua ikanyesha. Miye nililala kitandani Bel-Air. Dominique njo alikuwa chini. Miye nilimutuma na viti."

Mwanamke mmoja alianza kulia mahali fulani nyuma. Hakuna aliyemrukia Martine, hakuna aliyemtukana. Wivine angependelea wafanye hivyo.

"Na jana? Na leo?" aliuliza. "Osée iko ndani, weye unapigiwa makofi."

"Nilisikia banasema Adalbert. Nikaona banarudi." Martine alimtazama Osée, kisha hakuweza tena. "Nilisema nitaenda kumutoa kesho. Jana nilisema kesho. Leo pia nilisema kesho."

Wivine aliingia chini ya dari. Hakufikiri; angelifikiri asingeingia. Alimshika Martine kiganja, kigumu na baridi, akamtoa nje taratibu mpaka penye anga. Ndipo Aristote akakumbuka kupumua, na mvua ikaanza, matone mazito ya kwanza, yakilia juu ya viti vya plastiki.

Langoni Léa alikuwa amesimama na sufuria yake iliyofungwa kitenge, amekuja na teksi nyuma ya gari la polisi. Osée alimwona, akamtazama Wivine kuuliza kama anaruhusiwa. Wivine alisema ndiyo kwa kichwa.

Martine alitoa ufunguo wa lango kiunoni. Alitazama nyuso za wanachama wake zilizolowa, akampita Kalenga, akampita mzee aliyevua kofia, akaenda hadi kwa Adalbert na kumwekea ufunguo mkononi.

"Mutamwanga dalle ingine," alimwambia. "Safari hii mungoje."

Kisha akageuka na kutangulia kwenye gari la polisi, bila pingu, na Wivine akamfuata.